Pedali ya Kushoto

Nilianza kukasirika kabla hata sijafika. Ningejua siku itaishaje, ningeiweka akiba ile hasira, maana baadaye niliihitaji kwa kazi nyingine.

Mdogo wangu alikuwa amepiga simu asubuhi. Nyumbani tunamwita Mbwembwe, kwa sababu tangu utoto hajawahi kufanya jambo dogo bila tarumbeta. Majuma mawili nyuma alikuwa amelichukua gari la Baba na kulipeleka kwa mafundi wa kuongeza nguvu magari, zawadi ya mtoto kwa mzazi, na sasa lilikuwa tayari. Yeye yuko safarini kikazi, akasema, kwa hiyo mimi nimchukue Baba tukalipokee.

"Dada, mtashangaa. Hilo gari sasa hivi ni jingine kabisa."

Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na sita nimekaa kiti cha pembeni nikiwafundisha watu wasife. Mtu akiniambia gari limekuwa jingine kabisa, nywele zinanisimama. Lakini Baba alikuwa amekwisha kuvaa, kofia kichwani, amekaa kwenye ngazi ya mlango kama mtoto anayesubiri kupelekwa kwenye sherehe.

Karakana ilikuwa nyuma ya maghala, mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka ambayo hakuna anayeitumia siku za Jumamosi. Nilitegemea mafuta machafu na kelele. Nikakuta sakafu ya kijivu inayong'aa kuliko ya jikoni kwangu, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili ikikosekana ijulikane. Magari matano yalikuwa yamelala chini, matumbo karibu yaguse sakafu. Moja lilikuwa na bomba la moshi ambalo paka angeweza kuzalia ndani. Na juu ya mlango wa ofisi, kwa herufi nyekundu: ALIYEFUNGA NDIYE ANAYEKAA PEMBENI.

"Hii maana yake nini?" Baba akauliza, akiwa ameinua uso.

Mwenye karakana alikuja akijifuta mikono. Vijana wake walimwita Sikio, na baada ya dakika tano nilielewa kwa nini: alikuwa akiweka ncha moja ya fimbo ya chuma kwenye injini na ncha nyingine sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.

"Ni sheria yetu, mzee," akasema. "Fundi akifunga kitu kwenye gari, siku ya majaribio mteja anaendesha na fundi anakaa kiti cha pembeni. Kama hakukaza nati vizuri, na yeye atajua."

Baba akacheka hadi kofia ikasogea. "Sheria nzuri hiyo. Mimi nilikuwa mchomeleaji miaka thelathini na miwili. Kila ngazi niliyochomelea, wa kwanza kuipanda nilikuwa mimi."

Wakashikana mikono mara ya pili, safari hii kama mafundi. Nikaona wamependana, na hilo nalo likaniudhi.

Kisha gari likaletwa. Rangi ileile ya bluu iliyopauka, rimu zimesuguliwa mpaka zinaona aibu. Baba akalisogelea taratibu, maana mguu wake wa kulia ni wa bandia kuanzia chini ya goti. Ugonjwa wa sukari uliuchukua miaka sita iliyopita. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akatazama chini. Akabaki vilevile, ameinama.

"Baba? Vipi?"

Nikainama na mimi.

Mahali palipokuwa na pedali ya kushoto palikuwa na zulia jipya, safi, limepigwa brashi.

Hapo lazima nieleze. Baba alipotoka hospitalini tulimwambia, sote, kwamba udereva umekwisha. Mguu wa bandia hauhisi pedali. Akasema sawa. Siku ya tatu akatoa mashine yake ya kuchomelea chini ya kitanda. Alichukua cherehani ya marehemu mama, ile ya kukanyaga kwa miguu, akakata kipande cha pedali yake chenye ukubwa wa kiganja, chuma chenye nakshi za maua, akakifunga kwa bolti upande wa kushoto wa breki. Chini yake akapitisha fimbo mpaka kwenye pedali ya mafuta ya kulia. Akikanyaga kushoto, ya kulia inashuka. Gari ni la otomatiki, hivyo mguu mmoja ulimtosha. Alijifunza upya akiwa na miaka sitini na minne, asubuhi tatu kwenye uwanja mtupu, akapelekwa kukaguliwa, akapita.

Tangu siku hiyo, kila Jumatano na kila Jumapili, humpitia dada yake mkubwa, shangazi yetu ambaye macho yamezima. Wanazunguka mji. Baba anaendesha na kumsimulia: hapa wamebomoa, pale wamepaka kijani, yule jirani yako mnene amekonda. Shangazi hana matembezi mengine. Baba naye, tuseme ukweli, hana kazi nyingine.

"Iko wapi?" nikamuuliza Sikio.

"Nini, dada?"

"Pedali! Pedali ya mzee iko wapi?"

Uso wake ukang'aa, masikini, akidhani nakuja kumsifu. "Ahaa, ile! Sisi hatuongezi nguvu kabla ya kusafisha. Tunaanza kwa kutoa ujinga wote wa mafundi wa mitaani. Ile ilikuwa kasoro mbaya sana. Sijui ni fundi gani mwendawazimu aliyeweka..."

"Ni mimi," Baba akasema.

Akajinyoosha. Akapandisha suruali ya kulia kidogo tu, kiasi cha fundi kuona bomba la mguu linapoingia kiatuni, kisha akaishusha.

Sikio alifungua mdomo akasahau kuufunga. Na mimi ndipo nikaachia. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka niliuliza kama sakafu safi ni dalili ya akili safi. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa chini ya gari alianza kutoka, akatazama, akarudi chini.

"Mimi ni mwalimu wa udereva!" nikasema, kidole kikiwa kifuani pake. "Miaka kumi na sita! Ninajua gari salama na gari lisilo salama. Ungeuliza tu! Ungeuliza hiyo pedali ni ya nani!"

Sikio akanitazama kwa namna ya ajabu. "Mwalimu wa udereva?"

"Ndiyo. Una tatizo?"

"Hapana, dada. Ila... tuliambiwa mtaalamu ameshaikagua na kusema itolewe."

"Mtaalamu gani? Nipe jina lake. Nataka jina lake leo hii, nikamfuate mpaka kwake."

"Nadhani imeandikwa kwenye kadi ya kazi," akasema, akiangalia viatu vyake. "Lakini tusikimbilie huko. Jaribuni gari kwanza."

Nilitaka kumwambia alipeleke gari lake kwa shetani. Baba ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini: "Jaribu, mwanangu. Mimi siwezi. Nataka kujua wamelifanya nini."

Sikio akaomba nianze na gari lao la mfano, ili nielewe walichokusudia. Kigari chekundu, kidogo, cha kumpeleka bibi kanisani, ndivyo nilivyodhani. Sikio akakaa pembeni, kama sheria inavyosema, akafunga mkanda, akashika kishikio cha mlango. Alivyokishika ningepaswa kuelewa.

Nilikanyaga kidogo. Barabara yote ya maghala ikaja usoni mwangu. Sauti ya injini ilipanda kutoka tumboni hadi kooni, mgongo ukagandamana na kiti, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi tulikuwa tumefika ghala la mwisho. Nikakanyaga breki, kikasimama pale pale, hakikuyumba hata unywele. Nikageuza. Nikarudia. Nikarudia tena, na hiyo mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote ya kikazi. Nasema ukweli kwa sababu nimeahidi kuusema wote: nilifurahi, na kadiri nilivyofurahi ndivyo nilivyozidi kukasirika, maana nilikuja pale kwa ajili ya vita na watu hawa walikuwa wananipa peremende.

"Breki zake umezifanyaje?" nikauliza, kwa ukali ili asidhani namsifu.

"Zilezile nimemwekea mzee," Sikio akasema.

Nikahamia gari la mzee, na ndivyo ilivyokuwa. Gari la Baba lililokuwa likikohoa kila asubuhi sasa liliwaka kwa mguso mmoja. Halikuvuta tena upande. Ule mlio wa chini ambao Baba alikuwa akiufukuza kwa miaka miwili haukuwepo. Sikio alikuwa pembeni yangu, na Baba nyuma, kwenye kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, kofia mapajani, akitazama kisogo changu kama abiria aliyepanda gari la watu. Nilimwona kwenye kioo. Hakuwa na uso wa hasira. Angekuwa na hasira ningepumua.

"Limekuwa zuri," akasema tuliposimama. "Kazi nzuri kabisa. Atakayeliendesha atafaidi."

Hapo nikawaka upya. Gari limepewa pumzi, miguu na moyo, mwenyewe ndiye amenyang'anywa. Hebu niambieni, zawadi gani hiyo?

"Kadi," nikamwambia Sikio. "Niletee hiyo kadi ya kazi."

"Dada, pengine uisome pembeni..."

"Naisomea hapahapa! Kila mtu asikie! Huyo mtaalamu ajulikane!"

Nina tabia ya kazini. Mwanafunzi akikosea, ninamsomea kosa lake kwa sauti, wote waliopanga foleni wasikie, wajifunze. Nikashika kadi ile ngumu yenye alama za vidole vya mafuta, nikasimama katikati ya karakana, nikasoma kwa sauti yangu ya darasani:

"Maelezo ya mteja. Moja: kuongeza nguvu ya injini. Mbili: breki mpya. Tatu: kung'oa pedali ya ziada upande wa kushoto. Sababu..." Hapo mwandiko wa Mbwembwe, mkubwa, wenye madaha. "Sababu: dada yangu, ambaye ni mwalimu wa udereva, amesema ing'olewe ili tupumzike."

Sauti yangu iliendelea mpaka mwisho wa sentensi, kama gari ambalo breki zimekatika.

Hakuna aliyecheka. Ningeona afadhali wangecheka.

Nilisema. Nilisema kweli. Miezi mitatu nyuma Baba alikuwa amekwaruza nguzo ya geti akirudi nyuma, mkwaruzo wa kidole kimoja, hata mimi nimewahi kuikwaruza nguzo hiyo. Lakini usiku ule nilikuwa nimechoka, ninaosha vyombo jikoni kwa Baba, Mbwembwe amekaa juu ya friji ndogo anakula karanga, na mimi nikasema: "Siku moja hiyo pedali itatuletea msiba. Mtu angeing'oa tu tukapumzika." Nikasuuza sufuria nyingine nikasahau. Mbwembwe hakusahau. Mbwembwe, ambaye hajawahi kunisikiliza tangu azaliwe, alichagua sentensi hiyo moja.

Mkuki kwa nguruwe. Dakika ishirini nzima nimekuwa nikimtafuta mtaalamu mjinga nimfuate mpaka kwake, kumbe kwake ndiko ninakolala.

"Baba," nikaanza.

Yeye alikuwa amekwisha kumgeukia Sikio. "Vyuma mnavyotoa mnaweka wapi?"

"Kwenye pipa la vyuma chakavu, mzee. Bahati nzuri mchukuzi wa mwezi huu bado hajapita."

Sikio akalimwaga pipa lote juu ya ile sakafu yake inayong'aa, mwenyewe, kwa mikono yake. Mabomba, sahani za breki zilizoisha, springi zilizokatika. Baba akakaa juu ya kigoda na kupitisha fimbo yake ya kutembelea katikati ya vyuma. Kile kipande chenye maua kilikuwa karibu na chini, bolti moja bado imening'inia. Fimbo ya kuunganishia ilikuwa imekatwa vipande viwili.

"Mna jiriwa?" akauliza. "Na mashine ya kuchomelea?"

"Tunavyo, mzee. Lakini niache mimi nifanye. Kosa ni letu. Ningeuliza."

"Utanisaidia kukaza. Kuchomelea nitachomelea mwenyewe." Kisha, bila kunitazama: "Wewe njoo ushike taa."

Nikashika taa. Mwalimu wa miaka kumi na sita, nimepiga magoti kwenye sakafu ya watu, nikimulika chini ya usukani wakati Baba amelala chali akipima kwa vidole. Mafundi walikuwa wamesogea wote, hata yule wa chini ya gari. Walitazama jinsi alivyoikaza fimbo kwenye jiriwa, akasafisha ncha zake kwa tupa, akaunga mshono mmoja mwembamba ulionyooka. Sikio akainama akautazama mshono ule muda mrefu. Akapitisha ukucha juu yake, kisha akamwita mmoja wa vijana wake aje aone.

Nilimsubiri arudi chini ya usukani, pale ambapo ni mimi tu ningemsikia.

"Baba, nilisema. Jikoni. Nilikuwa nimechoka, yale ya geti..."

"Nilisikia."

Nikamgeukia, mwanga wa taa ukahama.

"Shika vizuri," akasema. "Nilikuwa sebuleni. Mguu ndio walioukata, mwanangu, masikio waliniachia. Nikasema, ataosha vyombo, atakuja aniambie. Kutoka jikoni mpaka sebuleni ni hatua nane. Mimi mwenyewe nazihesabu kila siku. Nikakungoja. Ukapita ukasema usiku mwema."

Yeye akakaza bolti ya kwanza.

"Watu husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akaongeza. "Mimi upande huu dole sina. Wewe ulimi unao. Utunze."

"Mbwembwe nitamkata masikio," nikasema, nikilia sasa, kwa hasira, na sijui tena ilikuwa hasira ya nani.

"Zamu yake itafika. Alifanya ulichosema. Sogeza taa."

Ilichukua saa nzima na robo. Alipomaliza, Baba alikandamiza kile kipande cha maua kwa mkono mara kumi, akitazama pedali ya kulia ikishuka na kupanda. Akanawa. Akavaa kofia yake. Akaingia kwenye kiti cha dereva, akauvuta mguu wa bandia kwa mikono na kuuweka pembeni, panapostahili.

Sikio alikuwa ameshafungua mlango wa pili akitaka kuingia. "Sheria, mzee. Breki nilifunga mimi."

"Breki zako nimeziamini, zimenirudisha hapa salama," Baba akasema. "Pedali nimefunga mimi, na mimi nimo ndani tayari. Lakini sheria yenu ina upungufu. Haijasema aliyeng'oa akae wapi."

Akanionyesha kwa kichwa kiti cha pembeni.

Nikaingia. Nikafunga mkanda. Sikio akafunga mlango taratibu.

Hamwezi kujua maana ya kiti kile kwangu kama hamjafanya kazi yangu. Katika gari langu la kufundishia, mbele ya kiti cha pembeni kuna breki ya mwalimu, pedali ya ziada iliyofungwa na fundi, na hakuna mtu aliyewahi kuiita kasoro. Kila siku ninaikanyaga. Ninalipwa kuikanyaga.

Baba aliondoa gari. Alipita ghala la kwanza, la pili, mwendo laini kama anamwaga maji. Kwenye njia panda mwisho wa barabara, lori lilikuwa linakuja kutoka kulia, bado mbali, na alikwisha kuliona, niliona jicho lake limeliona. Hata hivyo mguu wangu wa kulia uliruka wenyewe na kukandamiza sakafu, kwa nguvu, mpaka goti likauma.

Gari likasimama. Yeye ndiye aliyelisimamisha. Lori likapita.

Baba akatazama kiatu changu, kikiwa kimebanwa kwenye zulia jipya.

"Unakanyaga nini?"

"Samahani, Baba."

"Hapo hakuna kitu."

"Najua."

Akangoja. Nyuma yetu hapakuwa na gari lolote, na yeye hakuwa na haraka. Nikauvuta mguu nyuma, nikaukunja chini ya kiti, nikauvuta na wa pili. Ndipo akakanyaga, kushoto, na tukaondoka.

Hakugeuza kuelekea nyumbani.

"Tunakwenda kwa shangazi yako," akasema. "Ameningoja Jumatano mbili na Jumapili mbili. Atakaa mbele, wewe utahamia nyuma. Na ukifika utamwambia mwenyewe kwa nini sikuja."

"Nimwambie yote?"

"Yote. Mwambie kwa ile sauti uliyosomea kadi."